Mtoto Asiyewahi Kuanguka

Ukiuliza pale bichi ya Sindo, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ni nani amebeba watu wengi zaidi mgongoni, utaambiwa Javan Okeyo, tena utaambiwa kabla hujamaliza kuuliza. Boti zetu hazina gati. Zinasimama pale maji yanapomfika mtu mzima kiunoni, na abiria aliyevaa viatu vya kanisani hataki kuvilowesha, kwa hiyo lazima mtu ambebe mpaka mchangani. Javan amebeba walimu, wachungaji, mabibi harusi, na mfanyabiashara mmoja wa Isebania mwenye kilo mia na kumi pamoja na sanduku la chuma ambalo alikataa kata kata kuliachilia. Kwa miaka kumi na sita amewaangusha watu wawili tu, na habari ninayoisimulia ni ya hao wawili.

Siri ya Javan ni miguu. Vijana wa siku hizi hukanyaga ziwa kama wanavyokanyaga barabara. Wanainua mguu juu na kuutupa mbele, halafu wanashangaa wakijikuta wameketi majini na mchungaji wa watu. Javan hainui. Huuburura unyayo chini kwa chini, akapapasa mawe, na hauondoi mguu huu mpaka ule mwingine umetulia. "Mmoja ukae, ndio mwingine uende," huwaambia wanaoanza kazi. Wanamcheka, wanaanguka, kisha wanarudi kumsikiliza.

Sasa mtu huyohuyo, mwenye miguu iliyosomea namna hiyo, ndiye aliyemlea mtoto asiyejua kutumia miguu yake. Msiniambie ni uzembe, maana nitakasirika. Yalikuwa mapenzi, na ndani ya mapenzi hayo mlikuwa na hofu, na hofu hiyo ilianzia msibani.

Mkewe, Lynnet, alifariki mtoto wao Beverly akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Ilikuwa saratani ya tumbo. Karatasi za hospitali zilisema hivyo, lakini nani husoma karatasi za jirani? Watu husoma mwili. Lynnet alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni akifua, na bichi nzima ikaamua, bila kumuuliza mtu, kwamba ni ule ugonjwa ambao huku kwetu hautajwi kwa jina. Siku ya mazishi wanawake walikula wali wakimtazama mtoto, wakimhesabu mbavu. Beverly alikuwa mwembamba kwa sababu aliachishwa ziwa mapema, basi. Lakini Marcella, mamake Javan, aliyaona yale macho. Wageni walipoondoka alimpakata mjukuu wake, akaapa.

"Hii mtoto hakuna mtu atahesabu mbavu yake tena," alisema. "Nitamlisha mpaka wachoke kuangalia."

Na kweli alimlisha. Uji wenye siagi asubuhi, chapati mbili saa nne, ugali na samaki wa kukaanga mchana, soda kila Javan alipokuwa na siku nzuri. Mtoto akanawiri. Mashavu yakajaa, mikono ikapata vipingili, na wanawake walewale wakaanza kumsifu Marcella kwamba ana mkono mzuri wa kulea. Javan alipita naye sokoni mabegani kama mtu anayewaonyesha watu cheti cha daktari. Kubeba ndiyo kazi aliyoijua, kwa hiyo alimbeba kwenda kanisani, akambeba kwenda dukani, akambeba mpaka mlango wa darasa. Beverly alifika miaka saba akiwa na kilo thelathini na tisa, na hajawahi kuchubuka goti.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Javan alikuwa majini na mwalimu Edinah mgongoni. Huyo ndiye mwalimu wa darasa la Beverly, na alikuwa akirudi kutoka kisiwani Mfangano. Beverly alisimama ukingoni kumngoja babake, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Boti moja ikapita, ikasukuma kiwimbi, kiwimbi kikapiga mchanga, kikarudi na kumgusa nyuma ya magoti. Mtoto mwingine angepepesuka, angetanguliza mikono, angecheka. Beverly alianguka kifudifudi kama gunia, mikono ubavuni, akabaki vivyo hivyo.

Maji yale hayangemzamisha bata. Javan aliziona nywele zake zikielea, akangoja ainuke. Hakuinuka. Hakupiga mateke, hakutapatapa. Alilala tu, uso ndani ya maji, na bichi ikaendelea na kelele zake kana kwamba hakuna kitu.

Hapo ndipo Javan alipomwangusha mtu wa kwanza. Alimtupa mwalimu majini, pamoja na mkoba wake na madaftari ya watu, akakimbia jinsi alivyokuwa amewakataza vijana kukimbia. Alimnyakua Beverly, akampigapiga mgongoni. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akafumbua macho.

"Mbona hukusimama?" Javan alipiga kelele. "Mbona hukusimama, nyathina?"

Nyathina ni mwanangu, na Javan hulitumia neno hilo akiwa amezidiwa. Beverly alimtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Nilikuwa nakungoja unibebe," alisema.

Mwalimu Edinah alitoka ziwani akiwa amelowa chapachapa, viatu mkononi. Javan alianza kumwomba radhi, akanyamazishwa.

"Achana na nguo. Baba Beverly, mimi darasani nawasimamisha watoto kwa mguu mmoja. Wengine wanahesabu mpaka kumi. Huyu hafiki mbili. Nikimrushia mpira, unampiga kifuani ndio anyooshe mikono. Kuruka na miguu mbili hawezi. Nilidhani ni uvivu, na Mungu anisamehe. Kumbe hii mtoto hajawahi kuanguka."

"Hapana, mwalimu, hatujawahi kumwacha aanguke," Javan alisema, akidhani anasifiwa.

"Ndiyo shida hiyo! Mikono hufundishwa na kuanguka. Kila akienda kuanguka kuna mtu amemdaka. Na hizo magoti zake zinabeba mzigo ambayo hata wewe ungelalamika." Akakamua sketi yake. "Ingekuwa tunakaa Nairobi ningesema pole pole. Lakini sisi tunakaa na ziwa, na ziwa haitakungoja ufike."

Javan hakulala vizuri wiki hiyo. Alimpeleka Beverly hospitali moja kule Karungu, upande wa Migori, ambako mtaalamu wa viungo alimpinda magoti, akamtembeza juu ya mstari, akasema mifupa haina kasoro. Kilichohitajika ni sukari kupungua, na mtoto kucheza kila siku, kupanda, kuruka, kuanguka na kuinuka mwenyewe. Javan alikwenda mbali akitumaini kupewa vidonge. Akarudi na maagizo ya kumwachilia mtoto.

Walianza mchangani, kwa ubao wa kupakulia samaki. Javan aliulaza chini, akamwambia Beverly autembee mwanzo hadi mwisho, naye atembee kando yake na mikono nyuma ya mgongo. Mikono nyuma, kwa sababu hakuiamini. Siku ya kwanza Beverly alianguka mara kumi na moja, na kila mara mikono yake ilichelewa, mchanga ukamjaa mdomoni. Nyuma ya mgongo, vidole vya Javan vilikuwa vimekabana mpaka vikauma.

"Baba, nibebe."

"Burura mguu. Mmoja ukae, ndio mwingine uende."

"Baba, nibebe!"

Marcella alisimama kando na leso yake kiunoni, akimlaani mwalimu na ukoo wa mwalimu. "Unamfanyia mtoto wa marehemu hivi? Mbele ya watu?"

"Mama, mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Mimi nimelia ya kutosha, na nimelia kwa sababu ya mtoto mwembamba, si mnono!"

Ndani ya nyumba ilikuwa vita. Javan alikataza soda, akasema chapati ni siku ya Sabato pekee. Marcella akawa anazificha kwenye pindo la leso, zikiwa bado moto, na Beverly akinuka mafuta kila baba yake alipomkaribia. Lakini mtoto mwenyewe, na hili halikumpendeza bibi hata kidogo, alianza kuupenda ule ubao. Mwezi wa nne aliuvuka bila kuanguka. Mwezi wa tano Javan aliuweka juu ya mawe mawili. Mikono ikaanza kuwahi. Mashavu yakapungua kidogo.

Basi siku moja mchuuzi mmoja wa omena, wale dagaa wa ziwani, akamsimamisha Javan na kumwambia kwa upole wa kinafiki, "Na Beverly amekonda, kwani anaumwa? Ama ni ile ya mamake?"

Miaka sita ya uji na siagi iliyeyuka pale pale. Javan alikwenda moja kwa moja dukani, akanunua soda kubwa, akaketi mbele ya bintiye akimtazama anavyoinywa, hadi tone la mwisho, kama dawa. Kesho yake hakuutoa ubao. Keshokutwa pia. Wiki mbili zilipita Beverly akienda shule mabegani, na mwalimu Edinah akiwaona wakipita na kugeuza uso.

Kilichomrudisha Javan kwenye akili yake ni mgongo. Alikuwa akimtua mzee mmoja aliposikia kitu kikikatika chini ya kiuno, halafu moto ukamshuka mguuni. Alitabasamu, akapokea ujira wake, akatembea nyuma ya vibanda na kuuma shati lake asipige kelele. Hakumwambia mtu. Mbebaji mwenye mgongo mbovu hana kazi, na nahodha akijua leo, kesho bichi nzima inajua. Lakini akiwa amelala chali nyuma ya vile vibanda alijiuliza swali moja, na likamtoa jasho kuliko maumivu: nikishindwa kumfikia, nani ataenda? Jioni ile aliutoa ubao, na safari hii aliuweka majini, maji ya kifundo, kisha ya goti, huku Marcella akifunika macho kwa leso.

Mwezi wa nane Javan alimpeleka Beverly Mfangano kuwaona wazazi wa marehemu Lynnet. Walirudi siku ya Jumapili alasiri, na upepo wa alasiri ziwani mnaujua. Mawimbi yalipanda, boti ikarushwarushwa, na Frankline, nahodha wao, alipofika Sindo alikataa kusogea karibu.

"Omera, ndugu yangu, hapa ndio mwisho," alimwambia Javan. "Nikisogea, mawe yatanitoboa."

Abiria walikuwa wamekwisha kuvua jaketi za kujiokolea na kuzirundika mbele, kwa sababu sisi tukishaona nchi tunadhani tumefika. Hiyo ni tabia yetu, na imetuzika wengi. Wabebaji vijana wawili walimkimbilia mama mwenye mizigo. Javan aliruka chini, maji yakamfika kiunoni, akampokea Beverly mgongoni. Kilo thelathini na sita. Aliyahisi maumivu yakikaa tayari kama mbwa aliyesikia hatua mlangoni.

Mguu mmoja ukae. Mwingine uende. Maji yalishuka mpaka mapajani. Marcella alikuwa mchangani akipunga mkono. Mguu ukae, mwingine uende. Maji yalifika juu kidogo ya magoti, na zilikuwa zimebaki hatua ishirini na tano, si zaidi, wimbi lilipomgonga kwa nyuma. Mgongo ukakatika.

Javan alianguka kwa magoti. Mtu wa pili aliyemwangusha akawa mwanawe. Beverly alipita juu ya kichwa chake, akaingia majini.

Mikono ilitangulia. Javan aliiona, viganja viwili wazi, kabla maji hayajafunika. Kichwa kikaibuka. Maji yalimfika mtoto kiunoni, na wimbi lilipokuja, kifuani. Javan alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Haikuuma hata. Ilikuwa kama si yake. Aliweza tu kupiga magoti, mikono chini, kidevu juu ya maji.

"Buda ameanguka! Shika mtoi! Shika mtoi!" Wale vijana wawili walipiga kelele, wakamtua mama mchangani, wakageuka na kuingia majini mbio.

Beverly aliwaona. Na Javan akaliona jambo ambalo ataliona mpaka siku ya kufa. Mtoto, aliyekuwa amesimama, ameinama, mikono imetandazwa pande zote kama alivyozoea kwenye ubao, aliwaona watu wakija kumbeba, na mikono ikamlegea. Ikateremka ubavuni. Magoti yakalegea. Wimbi dogo likaja, likamlaza kama siku ile, na hakupigana nalo.

Wale vijana walikuwa mbali bado, wakipiga maji kwa pupa, na mmoja tayari alikuwa amejikwaa.

"Msimguse!" Javan alinguruma. "Rudini! Hakuna mtu anakuja, Beverly! Hakuna mtu anakuja kukubeba!"

Vijana walisimama, wakatazamana. Nyuma ya Javan, Frankline alipiga kelele akiuliza aruke ama vipi. Marcella alikuwa ameingia majini na gauni lake lote, akimwita mwanawe muuaji, mchawi, akamtaja Lynnet, akamwuliza Mungu ni mtoto gani huyu alimzaa.

"Mama, simama hapo! Usimguse!"

Palikuwa na maji, na mgongo wa gauni la manjano la mtoto ukielea juu yake. Javan alihesabu. Moja. Mbili. Nimemuua mtoto wa Lynnet, aliwaza. Watu wasinihurumie. Tatu. Alifungua kinywa awaambie vijana waje, waje upesi, Mungu wangu, waje.

Kiganja kimoja kikatokea, kikapiga maji. Kikafuata cha pili. Beverly aliinuka kwa mikono na magoti, akikohoa, makamasi yakimtiririka, na kilio alichotoa hakikuwa cha woga. Kilikuwa cha hasira. Alisimama. Wimbi likamwangusha, mikono ikawahi, akasimama tena. Alimtazama babake, akatazama mchanga, akaona kweli kwamba hakuna anayekuja. Akatandaza mikono. Akaanza kuburura.

Bichi ilinyamaza. Mimi nilikuwapo, na sijawahi kuisikia bichi ile imenyamaza siku nyingine. Alianguka mara moja zaidi, kwenye lile jiwe ambalo Javan humwambia kila mbebaji mpya aliogope, na wanaume wazima walitoa sauti kama walioungua. Akainuka, goti linavuja damu. Maji yakashuka mpaka mapajani, magotini, vifundoni. Akakanyaga mchanga mkavu, akasimama pale, na Marcella akamfunika kwa leso yake, akilia.

Vijana sasa walimgeukia Javan. Bado alikuwa amepiga magoti majini, mikono chini, uso umekuwa rangi ya jivu. Miguu ilikuwa imeanza kumrudia, kwa sindano na moto. Marcella aliangua kilio kipya, akakusanya gauni ili aende kwa mwanawe.

"Dani, usimguse," Beverly alimwambia bibi yake.

Bibi alisimama. Mtoto alijitoa kwenye leso, akarudi hadi maji yalipomfika kifundo. Damu ya goti ilimshuka mpaka kwenye kidole. Hakumnyooshea babake mkono. Aliipeleka mikono yake miwili nyuma ya mgongo, akaifunga hapo kwa nguvu, vidole vikakabana.

"Burura, Baba," alisema. "Mmoja ukae, ndio mwingine uende."

Javan aliuburura mguu wa kulia, akangoja ukae.